Achille na Patrocle: jina lenye kuwa mwavuli

Hapa kwetu Achille si jina geni. Kwa orodha ya darasa unaweza kumkuta Achille mmoja ao wawili. Wazazi wao hawakufikiria Ugiriki; ni jina la ubatizo, ao lilikuwa jina la mjomba. Lakini sisi wenye kufundisha katika sehemu ya latin-philo tunakutana pia na yule Achille wa kwanza, askari wa vita vya Troie, na rafiki yake Patrocle.

Mwaka mmoja tulikuwa tunasoma habari hizo na wanafunzi wa mwaka wa tano. Tulifika mahali Patrocle ameuawa. Achille anajitupa chini, anajimwagia mavumbi kichwani, anakataa chakula. Kisha Patrocle anamtokea katika ndoto na kumuomba mifupa yao iwekwe pamoja. Mwanafunzi mmoja akainua mkono: « Mwalimu, ile ilikuwa urafiki tu, ama kulikuwa kitu ingine? » Darasa lote likacheka. Mwingine, kule nyuma, akatupa neno la Kifaransa, lile lenye linatupwa barabarani, na akamwonyesha kwa kidole mwenzake mmoja, kijana mpole mwenye alikuwa anakaa karibu na dirisha. Kicheko kikaongezeka. Sisi tulipiga meza kwa mkono, tukasema « Nyamazeni, tuendelee », na tukageuza ukurasa.

Kijana wa dirishani hakurudi shuleni kisha likizo ya Pasaka. Wenzake walisema neno lile lilikuwa linamfuata mpaka kwenye bomba la maji. Nasi tulibaki na swali la kwanza, lenye lilikuwa swali zuri na lenye tulikuwa tumeliacha bila jibu. Insha hii ni jibu lenye kuchelewa.

1. Majina ya namna tatu

Katika kijitabu hiki cha mila yetu hakuna haja ya kueleza sana kwamba jina si kitu kidogo. Kwa Waluba wa Kasaï mapacha ni Mbuyi na Kabanga. Hakuna mtu anawachagulia, kuzaliwa kwao kumekwisha kuchagua. Tukitazama vizuri, tunaona majina ya namna tatu. Kuko jina mtu anapewa na wazazi. Kuko jina anatupiwa na watu, mara kwa mapenzi, mara kwa matusi. Tena kuko jina mtu anajichagulia mwenyewe akiwa mkubwa. Majina ya namna hii ya tatu ni machache, na mara nyingi yanapiganiwa.

Sisi Wakongo tunaijua vita hiyo. Wakoloni waliwaweka babu zetu wote chini ya mwavuli mmoja, « indigènes », Mushi na Muluba, Muzande na Mukongo, bila kuuliza mtu. Wenye walikuwa wamesoma wakaitwa « évolués », na mwaka wa 1948 serkali ilianzisha kadi ya « mérite civique », kisha mwaka wa 1952 « immatriculation », ili ipime nani anastahili kukaribia Mzungu. Kisha uhuru, tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ikaitwa Zaïre, na mwaka wa 1972 tukaambiwa tuache majina ya ubatizo. Akina Achille wengi walifutwa kwa kalamu siku hizo, halafu wakarudi. Kwa hiyo tunaweza kuelewa, kuliko watu wengine, habari ya kundi la watu wenye walipewa majina na kila mtu ila wao wenyewe. Ni wanaume wenye wanapenda wanaume.

2. Wagiriki walisema nini

Tuanze na Homère, sababu swali la mwanafunzi lilikuwa juu yake. Homère hasemi mahali popote kwamba Achille na Patrocle walikuwa wapenzi. Anaonyesha tu kwamba Achille alimweka Patrocle juu ya wenzake wote, na kwamba kifo chake ndicho kilimrudisha vitani, hata akijua naye atakufa.

Wenye walikuja nyuma ndio walianza kubishana. Katika karne ya 5 mbele ya Kristo, Eschyle alitunga tamthilia yenye kuitwa Myrmidons. Imebaki vipande tu, lakini humo wawili hawa ni wapenzi waziwazi. Katika karne ya 4, Platon aliandika Le Banquet, na humo Phèdre anamkosoa Eschyle. Habishi kama walipendana. Anabisha juu ya nani alikuwa mkubwa, na anasema Achille ndiye alikuwa kijana. Mwaka wa 345, Eschine alisimama mbele ya mahakama ya Athènes na akaeleza kwamba Homère aliuficha upendo wao na hakutaka kuupatia jina, sababu alijua msikilizaji mwenye elimu ataelewa mwenyewe. Na mwaka wa 334, wakati Alexandre alivuka kwenda kupigana na Waajemi, alisimama Troie akaweka taji juu ya kaburi la Achille, na rafiki yake Héphaistion akaweka lingine juu ya kaburi la Patrocle.

Ona basi: swali lenye kijana wetu aliuliza lilikuwa limeulizwa Athènes miaka zaidi ya 2300 iliyopita, na watu wazima walilijibu bila kupiga meza.

Lakini tusidanganyike. Wagiriki hawakuwa na jina moja kwa « mwanaume mwenye anapenda wanaume ». Walikuwa na jina la mkubwa mwenye kupenda na jina la kijana mwenye kupendwa, na mara nyingi kijana yule alikuwa mtoto bado. Hata kwetu kaskazini, Evans-Pritchard alieleza katika makala ya mwaka wa 1970 kwamba kati ya Wazande wa zamani, askari wa mtawala wenye hawakuwa bado na bibi waliweza kuchukua kijana wa kiume na kuwalipa wazazi wake mahari ya mikuki. Hayo ni ya historia, na historia haifichwi. Ila sisi hatuyaweki chini ya mwavuli tunaozungumzia hapa. Mwenye kuchukuliwa alikuwa mtoto, hakuchagua, na mtoto analindwa. Mwavuli wetu ni wa watu wazima wenye kukubaliana.

3. Majina yenye kuzaliwa Ujerumani

Mtu wa kwanza mwenye alijaribu kujichagulia jina mbele ya watu wote alikuwa mwanasheria wa Kijerumani, Karl Heinrich Ulrichs, mwenye kuzaliwa mwaka wa 1825. Kuanzia mwaka wa 1864 alitoa vijitabu, vyote 12, na vya kwanza aliviandika kwa jina la kuficha, Numa Numantius. Alifungua Platon, akakuta humo mungu mke Aphrodite mwenye kuitwa Urania, wa mbinguni, na kutoka hapo akatunga neno Urning kwa watu kama yeye. Tarehe 29 Agosti 1867 alisimama München mbele ya mkutano wa wanasheria wa Ujerumani kuomba sheria zenye kuwaadhibu zifutwe. Walimpigia makelele mpaka akashuka. Baadaye alihamia Italia na akafa L'Aquila tarehe 14 Julai 1895.

Kulikuwa na mwingine mwenye alimwandikia barua, Karl-Maria Kertbeny, mwandishi mwenye asili ya Hungaria. Wakati alikuwa kijana, rafiki yake alijiua kwa sababu ya mtu mwenye kumtisha na kumlipisha pesa ili asitoe siri yake. Katika barua ya tarehe 6 Mei 1868 Kertbeny aliandika neno jipya, Homosexual, na mwaka wa 1869 likachapishwa katika kijitabu bila jina la mwandishi, chenye kupinga sheria ya Prussia. Neno lile, lenye leo watu wengi wanalisikia kama neno la hospitali ao la polisi, lilizaliwa kama neno la kumtetea mtu.

Kwa bahati mbaya, mwenye kutunga jina hatawali safari yake. Waganga wa magonjwa ya akili walilichukua na kuliweka katika vitabu vya magonjwa. Sheria ya Prussia ilienea Ujerumani yote kwa jina la paragrafu 175. Wakati wa Hitler, kati ya mwaka wa 1933 na 1945, wanaume karibu 50.000 walihukumiwa kwa paragrafu hiyo, na maelfu walipelekwa kambini. Huko jina lao halikuwa tena neno. Lilikuwa pembetatu ya rangi ya pinki yenye kushonwa kwenye nguo. Paragrafu 175 ilifutwa kabisa mwaka wa 1994 tu. Na Shirika la Afya Ulimwenguni liliondoa jambo hilo katika orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990.

4. Kinshasa inasahihisha jina

Hapa historia inapita nyumbani kwetu, na inatuonyesha kwamba jina baya linaweza kuua.

Mwezi wa Juni 1981 waganga wa Marekani walitangaza ugonjwa wenye hawakuujua, kati ya vijana wanaume 5 wa Los Angeles. Mwaka wa 1982 wengine wakauita kwa kifupi GRID, maana yake upungufu wa kinga wenye kuhusu mashoga. Jina lilimaanisha: huu ni ugonjwa wa wale, si wa sisi. Mwezi wa Oktoba 1983, waganga wa Ubelgiji na Marekani, kati yao Peter Piot, walifika Kinshasa, hospitali ya Mama Yemo, kwenye idara ya munganga Bila Kapita. Kwa wiki tatu walikuta wagonjwa 38: wanaume na wanawake, karibu nusu kwa nusu. Makala yao ilitoka mwaka wa 1984. Ni katika vyumba vile vya Kinshasa ulimwengu uliona kwa macho kwamba Sida haiulizi mtu anampenda nani.

Wakati huo jina la GRID lilikuwa limekwisha kuachwa, lakini alama ilibaki. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 wenye kupigana na Sida walitafuta neno lenye halina matusi wala hukumu. Kwa Kifaransa likawa HSH, ni kusema wanaume wenye kulala na wanaume. Neno hilo limesaidia: mfanyakazi wa afya anaweza kuliandika kwenye fishi bila kumtukana mtu, na mwenye bibi na watoto anaweza kupata matunzo bila kubadilisha sifa yake kwa jirani. Lakini lina upungufu wake, na mwaka wa 2005 watafiti wawili, Rebecca Young na Ilan Meyer, waliuandika waziwazi: neno hilo linataja tendo na kumsahau mtu. Hebu fikiria mtu akikuita si baba, si jirani, si mwalimu, ila kwa tendo moja la kitandani. HSH ni jina la fishi. Hakuna mtu analipeleka nyumbani kwa mama yake.

5. Watu wa Achille

Sasa tunaweza kurudi kwa askari wetu. Katika miaka ya 2010, vijana wa inchi mbalimbali, wenye kuandikiana kwa intaneti, walianza kutumia neno lenye kwa Kifaransa ni achilléen, ni kusema: wa Achille. Walilifanya lifanane na lile wanawake wenye kupenda wanawake wanajiita, saphique, kutoka kwa Sappho, mtunga mashairi wa kisiwa cha Lesbos.

Juu ya nini jina jipya, wakati mengine yako tayari? Sababu ni ile ya mvua. Kwetu mvua ikianza mwezi wa Septemba, watu watatu wenye hawaendi nyumba moja wanaweza kuingia chini ya mwavuli mmoja. Mmoja anapenda wanaume tu. Mwingine anapenda wanaume na wanawake. Wa tatu hajui bado, ao hataki kuulizwa. Mwavuli hauulizi, unasema tu: upendo kati ya wanaume unakuhusu, ingia. Na Achille mwenyewe alikuwa hivyo. Alimlilia Patrocle, lakini alikuwa pia na Briséis hemani mwake, na alikuwa na mtoto, Néoptolème. Neno jembamba lisingemtosha.

Tena jina hili halitoki kwa munganga wala kwa polisi, na halitaji ugonjwa, kosa wala tendo. Linataja mtu mwenye alipenda mtu na akamzika kwa heshima. Ni jina la namna ile ya tatu, lenye watu walijichagulia.

Hatusemi ni jina kamili. Ni la Kigiriki, na mwenye hakusoma Homère analisikia kama jina la jirani yake tu. Linaegemea juu ya upendo wenye mtunzi wa kwanza hakuutaja. Na si watu wa mbali tu wenye kujichagulia. Huko Uganda watu wa namna hiyo walijiita kuchu, neno lao wenyewe, pana kama mwavuli, la wanaume na la wanawake, mbele achilléen haijasikika huku kwetu. Haja ya kujitaja kwa heshima haikungojea vitabu vya Wagiriki.

6. « Ile ni kitu ya Wazungu »

Tunajua wasomaji wengine watasema hivyo. Tunawaheshimu, lakini tunawaomba watazame kwanza sheria. Ufaransa ilifuta adhabu ya jambo hili mwaka wa 1791, na Ubelgiji ilirithi mawazo hayo. Kwa hiyo kanuni ya adhabu ya Kongo, ya tarehe 30 Januari 1940, haikuweka kifungu cha kuadhibu watu wazima wenye kukubaliana, hata kama ile ya aibu mbele ya watu imeweza kutumiwa juu yao. Ng'ambo ya maziwa yetu ilikuwa tofauti. Waingereza walikuwa wameandika kwa India, mwaka wa 1860, kifungu 377 juu ya mambo « kinyume cha maumbile », na maneno hayo yakapita Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu wa ziwa moja, wenye kuoana na kuuziana samaki, wakawa na majina mawili ya kisheria kwa jambo moja, kufuatana na Mzungu gani alifika kwao. Basi kama tunatafuta kitu cha Wazungu, tuanzie kwa sheria ya kuwaadhibu.

Tusisahau vilevile kwamba katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu 40, inataja ndoa kati ya mwanaume na mwanamuke. Hilo ni neno la ndoa, na kila mtu ana maoni yake. Sisi hapa hatuandiki juu ya ndoa. Tunaandika juu ya jina lenye mtoto wa mtu anaitwa nyuma ya darasa.

Na hapa Kiswahili chetu kinatuaibisha kidogo. Ukimuuliza mtu neno la kumtaja mwanaume wa namna hii, atakupa lile la Kifaransa la matusi, ao hanithi, ao msenge, ao shoga la watu wa pwani, lenye kule wanawake wanaitana kwa upendo, maana yake rafiki wa moyo, lakini likitupwa kwa mwanaume linageuka jiwe. Lugha yenye kuwa na majina mengi kwa mvua na kwa ndizi, kwa mtu huyu imeweka mawe tu. Mwalimu akikosa neno safi, atanyamaza, na kimya chake kitajazwa na mwenye kutupa jiwe. Hilo ndilo lilitokea katika darasa letu.

Kumalizia

Wazee wanasema jina jema hung'aa gizani. Sisi tunaongeza kwamba jina baya linamtia mtu gizani hata mchana. Hatuombi kila msomaji akubali kila kitu. Tunaomba tu mwalimu, mzazi na mkubwa wa kanisa, wakisikia jiwe linatupwa, wasigeuze ukurasa kama sisi tulivyogeuza.

Miaka imepita, na tumefika tena na darasa lingine mahali pale pa mavumbi na majivu. Swali lilikuja, sababu linakuja siku zote. Safari hii tulifunga kitabu kidogo, tukaeleza Homère alisema nini na nini hakusema, Eschyle, Platon, Eschine, na kwamba watu wenye akili walibishana bila kutukanana. Darasa lilitulia. Kisha msichana mmoja wa mbele akauliza: « Mwalimu, sasa sisi tuwaite nani? »

Tukamjibu: « Waite Achille na Patrocle. Ndiyo majina yao. »

Kisha tulifungua kitabu, tukasoma mpaka mazishi.